Kidonda cha mguu cha mtu wa sukari kimekataa kufunga: jinsi ya kuandaa mguu na kutumia dawa za kuotesha nyama

Ndugu zangu wenye mgonjwa wa sukari nyumbani, leo tuongee kuhusu vile vidonda vya mguu vinavyofungwa wiki baada ya wiki, bendeji zinabadilishwa, pesa inaisha, na kidonda kiko palepale. Siku hizi watu wanatumiana kwenye WhatsApp habari za dawa za kuotesha nyama, vichocheo vya ukuaji, sijui jeli, sijui sindano, sijui damu yako mwenyewe inazungushwa kwenye mashine halafu inarudishwa juu ya kidonda. Dawa hizo zipo kweli na zinasaidia watu. Lakini mimi kazi yangu ni kufunga vidonda huku Arua, Uganda, na ninachotaka ukishike kabla hujauza mbuzi ni hiki: zinafanya kazi kwenye mguu ulioandaliwa tu. Mguu ambao damu haifiki, au una usaha umejificha ndani, au mwenyewe bado anaukanyagia kila siku, ukiupaka jeli ya mamilioni umeimwaga chini.

Kwa nini kidonda kinagoma? Mtu mwenye afya akijikata, platileti za damu zinakimbilia pale, zinaziba, na hapohapo zinamwaga protini ndogondogo zinazoita wafanyakazi: seli za kinga zije kusafisha, seli za kujenga nyama zije, mishipa mipya ya damu iote. Hizo protini ndo vichocheo vya ukuaji. Kuna PDGF inayotoka kwenye platileti, kuna EGF inayosukuma ngozi ya juu iote, kuna VEGF ya mishipa ya damu, na nyingine nyingi. Stanley Cohen aliyeigundua EGF alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. Sasa kwa mtu wa sukari ile hatua ya kusafisha haiishi, kidonda kinabaki na uvimbe wa ndani miezi na miezi, majimaji yake yanajaa vimeng'enya vinavyokula hizo protini kabla hazijafanya kazi. Mwili unaita ila sauti haifiki. Ndo maana watafiti wakasema tuzilete protini hizo kutoka nje, tuziweke moja kwa moja kwenye kidonda.

Haya, tuanze na mguu wenyewe.

Kwanza jua kama unasikia. Kipimo hiki unafanya nyumbani bila kununua chochote. Mgonjwa alale, avue soksi, afumbe macho. Gusa kwa ncha ya kidole chako, taratibu, sekunde moja au mbili, kidole gumba cha mguu, cha katikati na kile kidogo cha mwisho, halafu mguu wa pili hivyohivyo, vinakuwa vidole sita. Usisukume, usipapase, usikwaruze. Aseme kila anaposikia. Akikosa viwili au zaidi basi huo mguu umekufa ganzi, na mguu wa ganzi hauwezi kumwambia mwenyewe kwamba kuna msumari ndani ya kiatu. Nimeona mzee ameingia kwenye chumba cha kufungia vidonda akitembea vizuri kabisa, kavaa gumbuti, anasema ana sugu tu kwenye unyayo. Sugu lenyewe lilikuwa duara gumu la njano chini ya kidole gumba, katikati kuna doa jeusi dogo. Lilipokwanguliwa, chini yake kulikuwa na shimo linaloingia ncha ya kidole, na mzee anapiga stori tu, hasikii kitu.

Pili, damu inafika? Hili ndo swali kubwa kuliko yote na ndo watu wanaliruka. Dokta au sista anaweka vidole juu ya mguu, halafu nyuma ya kifundo upande wa ndani, anatafuta mapigo. Asipoyapata, apime presha ya kifundo kwa dopla, kile kifaa cha kusikiliza damu ikipita, ikiwa chini ya 50 huyo ni mgonjwa wa haraka wa kuonwa na daktari wa mishipa ya damu. Nyumbani dalili ni mguu wa baridi, ngozi inang'aa haina vinyweleo, vidole vinageuka bluu au vyeusi, maumivu ya usiku yanayopungua akiuning'iniza mguu chini ya kitanda. Mguu wa namna hiyo usiupake dawa ya kuotesha nyama, nyama itaota kwa damu gani? Fungua njia ya damu kwanza.

Tatu, usaha na mfupa. Kidonda kirefu wanakichunguza kwa kijiti cha chuma kilichochemshwa, kikigonga mfupa basi mfupa unaweza kuwa umeingiliwa na wadudu, hapo inatakiwa eksirei na antibayotiki za muda mrefu, wakati mwingine opereshoni. Kidonda kisicho na dalili ya wadudu hakihitaji antibayotiki, na nakuomba sana acha ile tabia ya kupasua kapsuli ya tetra na kumwaga unga kwenye kidonda. Acha pia jik, spiriti, mafuta ya taa, majivu, kinyesi cha ng'ombe. Vyote hivyo vinaunguza zile seli changa ambazo ndo unataka zikue, na huyu mgonjwa hatakwambia inauma kwa sababu hasikii.

Mguu ukishajulikana unakuja kusafishwa. Nyama iliyokufa na sugu la pembeni lazima vikatwe na mtu aliyefundishwa, kwa wembe wa hospitali, mpaka kingo zitoe damu kidogo, na inarudiwa kila inapohitajika, mara nyingi kila wiki. Watu wanaogopa wakiona kidonda kimetoka kikubwa kuliko kilivyoingia, usiogope, hicho ndo kidonda chenyewe, kile kingine kilikuwa kimefunikwa tu. Nyumbani unaosha kwa salaini, na kama huna, chemsha nusu lita ya maji safi, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, kiyeyuke, ufunike yapoe. Kesho yake mwaga, tengeneza mengine. Usiloweke mguu kwenye beseni, na usitumie maji ya moto kuukanda, hao wagonjwa wanaungua bila kujua.

Halafu tuje kwenye kuondoa uzito, na hapa ndo natamani nikushike mkono, kwa sababu pesa yako ya kwanza iende hapa. Kidonda kilicho kwenye unyayo kila hatua ni kama kukipiga ngumi, sasa wewe unapaka dawa asubuhi halafu mgonjwa anatembea kwenda shamba, anarudi, anaenda msikitini, anaenda dukani, kile kilichoota usiku kimesagwa mchana. Dawa bora inayojulikana ya kidonda cha unyayo kisicho na wadudu na chenye damu nzuri ni kifaa au plasta ngumu inayofika mpaka chini ya goti na ambayo mgonjwa hawezi kuivua mwenyewe. Hilo la kutoweza kuivua ni la maana sana, maana mtu asiyesikia maumivu kiatu cha kuvulika anakivua akifika nyumbani. Elimu hii ilitoka kwenye ukoma, dokta Paul Brand kule Vellore, India, aliona miguu ya ganzi ya wagonjwa wa ukoma inapona ikifungwa plasta. Na sisi hapa Uganda tulikuwa na hospitali ya ukoma ya Buluba, ambako dokta Wanda Błeńska kutoka Poland alifika mwaka 1951 akatibu wagonjwa wa ukoma kwa zaidi ya miaka 40. Mguu wa ukoma na mguu wa sukari shida yao ni moja, ganzi.

Plasta hiyo iwekwe na mtu anayeijua, ikiwekwa vibaya inatengeneza kidonda kipya. Kama mko mbali na hospitali kubwa, ulizia sponji nene inayokatwa tundu pale penye kidonda na kubandikwa chini ya mguu, au magongo, au kiti cha magurudumu. Na nyumbani mpange maisha upya. Ndoo ya haja ndogo iwe karibu na kitanda ili asitembee usiku kwenda choo cha nje. Mama anayepika akae kwenye kiti, sigiri iwe mbali na miguu yake. Kwenye boda mguu wa ganzi usikae upande wa egzosi, ukigusa ataungua mpaka nyama bila kusikia. Kwa Waislamu wenzangu, swala ya kukaa kwenye kiti inaruhusiwa kwa mgonjwa, na kwenye udhu kuna ruhusa ya kupangusa juu ya bendeji, muulize shehe wako akuelekeze, maana kulowesha bendeji mara tano kwa siku kunaozesha kidonda. Usiku alale kwenye neti iliyochomekwa vizuri. Panya wanang'ata miguu isiyosikia, madaktari wa Dar es Salaam wameliandika hili, mgonjwa anaamka anakuta damu kwenye shuka.

Sukari yenyewe ishushwe, dawa au insulini kama alivyoandikiwa, sigara iachwe, na ale protini: maharage, mayai, mukene (dagaa), samaki. Hilo nalipita haraka kwa kuwa kliniki watakueleza vizuri kuliko mimi.

Sasa pima. Chukua kaveera (mfuko wa plastiki) safi inayoonyesha, osha na uikaushe, iweke juu ya kidonda kilichofunikwa na kaveera nyingine safi ili ya kuchorea isiguse nyama, chora ukingo kwa bikipeni au maka, andika tarehe. Ile iliyogusa kidonda tupa, ile yenye mchoro tunza. Fanya hivyo kila wiki siku ileile. Baada ya wiki 4 weka mchoro wa kwanza na wa mwisho pamoja. Kama kidonda kimepungua nusu au zaidi uko kwenye njia nzuri, endelea hivyohivyo, huhitaji dawa ya ghali. Kama hakijafika nusu na mna uhakika damu inafika, wadudu hakuna, nyama iliyokufa imekatwa, mguu haukanyagwi, basi hapo ndo wakati wa kumwambia dokta tuongee kuhusu vichocheo vya ukuaji. Nenda na hizo kaveera zako, dokta akiziona atakuelewa haraka kuliko ukieleza kwa mdomo.

Aina ya kwanza ni jeli. Jina lake becaplermin, inauzwa kama Regranex, ndani yake kuna PDGF iliyotengenezwa kwa hamira maabara. Marekani waliiruhusu mwaka 1997 kwa vidonda vya mguu vya watu wa sukari wenye damu ya kutosha. Kwenye majaribio yaliyotoka mwaka 1998, kati ya kila watu 100 waliopakwa jeli yenye dawa ya kipimo kinachouzwa leo, 50 walifunga kabisa ndani ya wiki 20, na waliopakwa jeli tupu walifunga 35. Kwa hiyo inaongeza, lakini angalia, hata wa jeli tupu theluthi walipona kwa kufungwa vizuri tu, na nusu ya wenye dawa hawakufunga kwa muda huo. Bei ni kubwa sana, kule Marekani chubu moja ya gramu 15 inazidi dola 1,000.

Ukiandikiwa, inatumika hivi. Chubu ikae kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, isigande, kwa hiyo kama stima inakatika kila siku kwenu afadhali itunzwe kliniki au famasi yenye friji ya uhakika, mtungi wa udongo hautoshi kwa dawa hii. Nawa mikono. Osha kidonda kwa salaini. Pima urefu wa kidonda na upana wake kwa sentimita, zidisha, gawanya kwa 4, jibu ndo urefu wa jeli ya kukamua kutoka kwenye chubu ya gramu 15. Mfano kidonda cha 3 kwa 2: unapata 6, gawanya kwa 4, sentimita moja na nusu. Mdomo wa chubu usiguse kidonda wala kitu chochote. Kamua juu ya karatasi safi isiyonyonya, chota kwa kijiti chenye pamba safi, usitumie kidole, tandaza iwe safu nyembamba kama milimita moja na nusu kufunika kidonda chote. Weka gazi iliyoloweshwa salaini, funga, acha masaa 12. Baada ya hapo fungua, suuza jeli iliyobaki, weka gazi nyingine yenye salaini bila dawa mpaka kesho yake saa ileile. Kupaka ni mara moja kwa siku. Kupaka nyingi hakuharakishi kitu, kunamaliza chubu tu. Kila wiki moja au mbili piga hesabu upya kwa sababu kidonda kinapungua. Wiki 10 zikiisha na hakijapungua kama theluthi hivi, au wiki 20 zikapita hakijafunga, rudini kwa dokta muangalie upya kama kuendelea kuna maana.

Kuhusu kansa, watu wanauliza sana. Mwaka 2008 Marekani waliweka onyo kali kwenye jeli hii kwamba waliotumia chubu 3 au zaidi walionekana kufa zaidi kwa kansa, baadaye ushahidi uliofuata ukaangaliwa na mwaka 2018 onyo lile kali likaondolewa. Linalobaki ni kwamba usipake mahali penye kansa. Kwa hiyo kidonda cha ajabu, kingo zimevimba na kugeuka nje, kipo miaka, kwanza kikatwe kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara.

Aina ya pili ni sindano ya EGF kutoka Kuba, Heberprot-P, ilitengenezwa na kituo cha utafiti cha CIGB cha Havana na kusajiliwa kwao mwaka 2006. Inachomwa ndani na pembeni ya kidonda mara 3 kwa wiki, mpaka nyama ijae au kwa wiki 8. Hii ya kuchomwa ni ya hospitali peke yake, inaleta maumivu pale inapochomwa na mwili kutetemeka kwa baridi.

Ya tatu ni ya damu yako mwenyewe. Wanatoa damu, wanaizungusha kwenye mashine mpaka sehemu yenye platileti nyingi itengane, wanaiweka kwenye kidonda, na platileti zinamwaga vichocheo vyake hapohapo. Kuna namna moja inatengeneza kabisa kiraka, mililita 18 za damu zinatoa kiraka kimoja, kinawekwa kila wiki. Majaribio ya Uingereza, Denmark na Sweden yaliyotoka mwaka 2018 yalichukua watu 269 ambao vidonda vyao vilikuwa vimegoma: waliowekewa kiraka walifunga 34 kwa kila 100 ndani ya wiki 20, waliotibiwa kawaida bila kiraka 22. Kwa maoni yangu kwa nchi kama yetu njia hii ina matumaini kuliko jeli, dawa inatoka kwenye mkono wa mgonjwa mwenyewe. Lakini vifaa lazima viwe vya kutumia mara moja na chumba kiwe kisafi, damu ikichafuka umepanda wadudu ndani ya kidonda. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 wa wataalamu wa mguu wa sukari nao unaruhusu kufikiria kiraka hiki pale huduma ya kawaida imeshindwa, ila jeli na vichocheo vingine unashauri visiongezwe kwenye huduma ya kawaida.

Wapi pa kuanzia? Anza kituo chako cha afya, Health Centre IV, omba rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Arua, Gulu, Mbale, Mbarara, popote ulipo karibu, uulizie siku ya kliniki ya sukari. Kampala kuna Kiruddu na Mulago, na Kisubi njia ya Entebbe kuna CoRSU wanaofanya upasuaji wa kurekebisha viungo. Ukifika uliza waziwazi: mapigo ya mguu mmeyapata? mfupa umeingiliwa? plasta ya kuondoa uzito mnaweka? dawa hii imesajiliwa na NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda? bei ya matibabu yote ni ngapi, siyo ya chubu moja? Mtu anayekuuzia jeli ya kuotesha nyama kwa simu bila kuugusa mguu wa mgonjwa, muache. Jeli ya protini iliyosafiri kwenye basi la usiku bila ubaridi huwezi kujua imebaki na nguvu gani.

Wakati wote huo kuna dalili ambazo hazisubiri siku ya kliniki. Homa au kutetemeka, wekundu unaotanuka kuzunguka kidonda, harufu mpya mbaya, mguu kuvimba ghafla, ngozi kuwa nyeusi, ukibonyeza inasikika chakachaka kwa ndani, sukari kupanda bila sababu. Ukiona hata moja acha jeli, tafuta usafiri siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Miguu mingi inayokatwa ni ile iliyosubiri Jumatatu.

Kidonda kikifunga msitupe magongo mara moja, ngozi mpya ni laini. Kati ya watu 100 waliopona, kama 40 kinawarudia ndani ya mwaka mmoja. Kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole, mgonjwa asiyeona vizuri akaguliwe na mtoto, au atumie kioo sakafuni. Asitembee peku hata ndani, malapa na lugabire (ndala za tairi) ziwekwe pembeni. Kiatu kinunuliwe jioni mguu ukiwa umevimba kidogo. Akiwa nyumbani wekeni mguu wake juu ya boksi la karatasi ngumu, mchore na kukata umbo lake, uende nalo soko la Owino kule Kampala au soko lenu: lichomeke ndani ya kiatu, likijikunja pembeni kiatu hicho kiache hapohapo hata kama muuzaji anakupunguzia bei. Na kabla ya kuvaa, kila asubuhi, ingiza mkono mpaka mwisho wa kiatu ukipapasa kama kuna jiwe au msumari.